Pasheni ya zambarau, ya njano au iliyobebeshwa: ipi itahimili magonjwa ya kwako?

Ukienda kwenye kitalu kutafuta mche wa pasheni wa kupandisha kwenye uzio au kwenye chanja ya uani, mara nyingi utaoneshwa aina tatu. Kuna wa zambarau ulioota kutokana na mbegu, ambao bei yake ndiyo ya chini. Kuna wa njano, nao wa mbegu. Halafu kuna wa zambarau uliobebeshwa, yaani kijiti chake kimeunganishwa juu ya shina la njano, na huo bei yake iko juu zaidi. Muuzaji akikwambia kwamba wa tatu hauugui, usimkubalie haraka. Pasheni isiyougua haipo. Ipo inayohimili ugonjwa huu na kuangushwa na ule, na kabla hujatoa pesa ni lazima ujue ugonjwa upi unakusubiri nyumbani: uliomo ardhini, unaokuja na mvua, au unaobebwa na wadudu kutoka kwa jirani.

Mmea huu umewavunja moyo watu wengi Afrika Mashariki. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa kusini mwa Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina. Nchini Kenya kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1933, na mwaka 1960 kilipanuka na kuvuka mpaka hadi Uganda. Katika nchi zote mbili mashamba makubwa yaliteketea kwa magonjwa na wadudu zaidi ya mara moja, mpaka watu wakayaacha na kurudi kwenye vipande vidogo vilivyotengana, ambavyo ni rahisi kuvilinda. Kwa hiyo mwenye miche minne uani, mbali na pasheni za watu wengine, yuko mahali pazuri kuliko mwenye ekari tano zilizopakana na za jirani. Nafasi hiyo anaipoteza pale tu anapoanza na mche usiofaa.

Maradhi yenyewe kwanza

Yapo mengi, lakini kwa bustani za kwetu yanayoamua ni matatu.

La kwanza ni mnyauko fusari. Unaletwa na ukungu unaoishi kwenye udongo, jamaa ya ule unaonyausha migomba, ila huu una aina yake inayoshambulia jamii ya pasheni tu. Huingia kwenye mizizi, hupanda ndani ya mishipa inayopeleka maji juu, kisha huiziba. Utaona tawi moja au upande mmoja wa mmea umelegea mchana wa jua ilhali upande mwingine bado una kijani chake. Baada ya siku chache mmea mzima unakauka, matunda machanga yakiwa yananing'inia yamesinyaa. Wengi humwagia maji zaidi wakidhani ni kiu. Kata shina karibu na ardhi ulichane kwa urefu: ukikuta ndani yake michirizi ya kahawia au yenye rangi ya kutu inayopanda kuelekea juu, huo ni mnyauko, na dawa ya kuutibu haipo. Vimelea vyake hubaki kwenye udongo miaka mingi hata pasipokuwa na pasheni hata moja.

La pili ni ugonjwa wa matunda kukakamaa, ambao ni wa virusi. Majani machanga huwa na mabaka ya kijani kilichoiva na kijani hafifu, hukunjamana, na matunda hutoka madogo, yamepinda, ganda nene gumu kama ubao, ndani hamna maji wala mbegu za kutosha kujaza kijiko. Mmea haufi upesi. Unaendelea kula mbolea na maji yako huku ukikupa matunda yasiyoliwa, na wakati huo huo ni ghala la kuambukiza mengine.

La tatu ni baka la kahawia, ukungu wa majani unaopenda mvua na msongamano. Huanza kama vidoa vidogo vya kahawia kwenye jani, hupanuka vikawa na miduara ndani ya miduara, jani hudondoka. Likishika kijiti, kijiti hukauka kuanzia nchani kurudi nyuma. Likishika tunda, hufanya shimo la duara lililobonyea, na tunda hilo hata ukilipeleka sokoni bure hakuna atakayelichukua.

Kuna pia kuoza kwa shingo ya mmea, pale shina linapokutana na udongo. Ganda huvimba, hupasuka na kubadilika rangi, lakini ukichana shina juu ya hapo unakuta mti safi. Ndiyo njia ya kuutofautisha na mnyauko. Na kuna minyoo fundo, ambayo utaitambua ukiing'oa mizizi na kukuta imejaa vinundu.

Chini ya ardhi, njano inashinda

Kwenye udongo tofauti ya zambarau na njano ni kubwa, na ndiyo sababu hasa miche ya kubebeshwa ikabuniwa. Zambarau haina kinga ya maana dhidi ya mnyauko fusari. Kwenye udongo safi itastawi na kuzaa vizuri kabisa. Kwenye shimo ilipofia nyingine, itachukua muda tu. Njano mizizi yake inauhimili mnyauko huo, inastahimili minyoo fundo vizuri zaidi, na hata kwenye magonjwa ya kuoza mizizi inavumilia kuliko mwenzake, ingawa maji yakituama hakuna itakayopona.

Basi wazo likawa: chukua mizizi ya njano, weka juu yake kikonyo (kijiti cha kuunganisha) cha zambarau, upate tunda tamu la nyanda za juu juu ya mguu usioogopa udongo. Wakulima wa Queensland huko Australia walianza kuifuata njia hiyo katikati ya karne iliyopita baada ya mnyauko kuwamalizia mashamba. Ulaya walishafanya vivyo hivyo kwa mizabibu katika karne ya 19, walipoibebesha juu ya mizizi ya Marekani ili kuiokoa na mdudu anayekula mizizi. Kwetu Kenya, Uganda na Tanzania vitalu vingi sasa vinabebesha pasheni, na kazi yenyewe haina siri: mche wa njano ukifikia unene wa penseli unakatwa, unapasuliwa katikati, kikonyo cha zambarau kilichochongwa kama kabari kinaingizwa, kinafungwa kwa utepe wa nailoni, kisha mche unawekwa kivulini na kufunikwa mpaka ushike.

Lakini kinga hiyo ina masharti, na wanaonunua mche wa bei kubwa kisha ukafa mara nyingi wameyavunja bila kuambiwa. Sehemu ya kiungo ni lazima ikae juu ya ardhi, shubiri moja hadi mbili, na ibaki hivyo maisha yote ya mmea. Ukipanda kwa kina ukaifukia, au ukaja kupandishia udongo shinani wakati wa palizi, zambarau iliyo juu itatoa mizizi yake yenyewe. Mizizi hiyo ikigusa udongo wenye vimelea, mnyauko unaingia kana kwamba hukuwahi kubebesha. Vivyo hivyo kwa tawi la zambarau linaloning'inia mpaka likalala chini na kuota. Kata ncha za matawi kabla hazijafika ardhini.

Sharti la pili ni kuondoa vichipukizi vyote vinavyotoka chini ya kiungo. Hivyo ni vya njano, vina nguvu, na ukiviacha vitainyima zambarau chakula mpaka siku moja ujikute na mmea wa njano tupu mahali ambapo njano haizai vizuri.

Na usisahau kigingi. Kiungo ni kidonda kilichopona. Miezi ya mwanzo upepo ukiuyumbisha mche, hapo ndipo unapovunjika.

Juu ya ardhi, kubebesha hakusaidii

Hili wauzaji hawalisemi kwa sauti. Mche uliobebeshwa, kuanzia kwenye kiungo kwenda juu, ni zambarau ile ile. Majani yake, vijiti vyake na matunda yake yanapata baka la kahawia sawasawa na zambarau ya mbegu. Ukiwa unaishi sehemu yenye ukungu wa asubuhi na mvua ndefu, kama Lushoto, Rungwe au miteremko ya Mlima Kenya, huyu ndiye adui utakayekutana naye kila msimu, na pesa uliyolipa kwa ajili ya mizizi haimgusi. Njano nayo huugua baka hili, hasa kwenye joto lenye unyevu la pwani.

Kwa ugonjwa huu mkasi unafanya kazi kubwa kuliko dawa. Acha mashina makuu mawili yafike kwenye waya, matawi ya pembeni yaning'inie wazi, na kila baada ya mavuno kata yaliyokwisha kuzaa ili hewa na jua vipite katikati. Pasheni iliyoachwa ijikunje juu ya uzio kwa mwaka mzima huwa na majani makavu ndani yake yaliyojaa vimelea, na ukipulizia dawa unalowesha nje tu. Kumwagilia kufanyike shinani, asubuhi, na majani yaachwe makavu.

Dawa inayofaa kwa mwenye miche michache ni ile ya mrututu (kopa salfeti) na chokaa. Ni ya zamani. Wafaransa waliianza kwenye mizabibu ya Médoc, karibu na Bordeaux, na mtaalamu wa mimea Millardet akaieleza mwaka 1885. Kwa lita 10 za maji unatumia gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa laini iliyozimuliwa. Yayeyushe kila kimoja peke yake kwenye ndoo za plastiki, kwani mrututu unakula chuma, kisha mimina mrututu ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga. Chovya kisu kilichong'aa kwa dakika moja: kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza majani. Tumia siku hiyo hiyo. Inakinga tu na haiponyi jani lililokwisha kushikwa, kwa hiyo ipigwe mvua zinapokaribia. Kwenye duka la pembejeo utapata pia dawa za kopa zilizo tayari. Soma karatasi yake ujue siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Saa ya kupulizia inategemea aina uliyopanda. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita mchana, hivyo pulizia jioni. Ua la njano hufunguka karibu saa sita mchana na kukaa wazi mpaka saa tatu au saa nne usiku, hivyo lenyewe pulizia asubuhi mapema. Ukikosea, unawapulizia nyuki wanaochavusha na kulowesha chavua, na chavua ya pasheni ikipata maji hupasuka. Utakuwa umeokoa majani na kupoteza matunda.

Virusi havichagui rangi

Kama ningeruhusiwa kumwambia mnunuzi jambo moja tu, ningemwambia hili. Virusi vya kukakamaza matunda vinashika zambarau, vinashika njano, na vinashika iliyobebeshwa. Na kati ya miche hiyo mitatu, iliyobebeshwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuja navyo kutoka kitaluni.

Sababu yake ni rahisi. Kwa kadiri inavyojulikana, mbegu za pasheni hazibebi virusi hivi kwenda kwenye mche. Kikonyo kinabeba. Mwenye kitalu akikata vikonyo mia moja kutoka kwenye mmea mama mmoja ulioambukizwa, ameuza wagonjwa mia moja, na wengi wao wakiwa wachanga hawaoneshi dalili za wazi. Hata kisu chenyewe, kikitoka kwenye mmea mgonjwa kwenda kwenye mzima bila kusafishwa, kinatosha. Kwa hiyo mche wa mbegu uliokuzwa ndani ya neti, wa bei ndogo, unaweza kuwa bora kuliko mche uliobebeshwa kwa vikonyo visivyojulikana vilikotoka. Bei ya kubebesha inalipa pale tu mama wa vikonyo anapokuwa mzima.

Huku kwetu virusi vinavyotajwa zaidi ni vile vya kunde vinavyobebwa na vidukari, pamoja na vingine vilivyotambuliwa Uganda ambavyo navyo husambazwa na wadudu hao hao. Vidukari wenyewe hawahitaji kuishi kwenye pasheni. Mwenye mabawa anatua, anachoma jani kuonja, haipendi ladha, anaruka kwenda jani lingine. Sekunde chache hizo zinatosha kuchukua virusi na kuviacha. Ndiyo maana dawa ya wadudu haisaidii sana: inamuua akiwa ameshaambukiza.

Kinachosaidia ni umbali na usafi. Usipande kunde wala jamii yake chini ya chanja ya pasheni, hata kama nafasi inakuvutia. Najua mboga ya kunde ni tamu na uani hapatoshi, lakini ipeleke upande mwingine wa nyumba. Ng'oa mmea wenye mabaka na majani yaliyokunjamana mapema, hata kama una maua. Osha mkasi kwa sabuni na maji ya jiki kila unapohama mmea. Na usichukue kipande cha tawi kutoka kwa jirani eti kwa kuwa matunda yake ni matamu. Mwombe tunda, uoteshe mbegu.

Kuwa na mmea wa njano hakukuepushi na haya. Brazili inazalisha pasheni nyingi kuliko nchi yoyote duniani, nyingi zikiwa za njano, na virusi hivi vya kunde vimewalazimisha wakulima wengi kuacha desturi ya kutunza mimea ile ile kwa miaka kadhaa. Sasa wanapanda upya baada ya mwaka mmoja au miwili, wakianza na miche mirefu iliyolelewa ndani ya nyumba za neti ili izae kabla virusi havijaichosha. Mtu wa nyumbani anaweza kuiga hilo bila gharama: lea mche ndani ya chandarua kikuukuu mpaka upite urefu wa mtu mzima, ndipo uutoe.

Yakiwekwa pamoja

| | Zambarau ya mbegu | Njano ya mbegu | Zambarau juu ya njano |
|---|---|---|---|
| Mnyauko fusari | Dhaifu sana | Inahimili | Inahimili, kiungo kikiwa juu ya ardhi |
| Minyoo fundo | Dhaifu | Afadhali | Afadhali |
| Baka la kahawia | Linaisumbua | Linaisumbua, hasa pwani | Sawa na zambarau ya mbegu |
| Virusi vya kukakamaza matunda | Vinaishika. Mche huwa safi ukitoka neti | Vinaishika. Mche huwa safi ukitoka neti | Vinaishika. Vinaweza kuja na kikonyo |
| Mahali inapofaa | Mita 1,200 hadi 2,000 hivi | Usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi | Kama zambarau |
| Uchavushaji | Hujichavusha | Huhitaji mmea mwingine wa njano | Hujichavusha |
| Tunda | Dogo, tamu, lenye harufu | Kubwa, kali kidogo, zuri kwa juisi | Kama zambarau |

Mstari wa uchavushaji usiupite. Watu wengi wa pwani wana pasheni ya njano nzima kabisa, yenye majani ya kung'aa na maua mengi, na haizai. Wanatafuta ugonjwa wakati ugonjwa haupo. Njano haijichavushi kwa chavua yake yenyewe. Inataka mmea mwingine wa njano wenye asili tofauti. Miche miwili iliyokatwa kwenye tawi moja ni mmea mmoja kwa hesabu hiyo. Panda angalau miwili au mitatu kutoka matunda ya mimea tofauti, na waachie makazi wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu, kwani ndio wenye ukubwa wa kugusa chavua na kuifikisha inapotakiwa. Wasipokuwepo, chukua chavua kwa kidole au brashi ndogo mchana na uipeleke kwenye ua la mmea wa pili.

Kwako ni wapi?

Kama uko Tanga, Kilifi, Kwale, Unguja, Dar es Salaam au popote penye joto la kweli, panda njano na usihangaike na nyingine. Zambarau iliyobebeshwa itakuwa na mizizi mizuri na kichwa kinachoteseka: inapenda nyuzi 18 hadi 25, na pwani hiyo ni hali ya hewa ya kuamkia tu. Kulipia mche wa kubebeshwa pwani ni kununua kinga ya mizizi ambayo njano inayo tayari, pamoja na udhaifu ambao hukuuhitaji.

Kama uko Njombe, Lushoto, Arumeru juu, Meru au Eldoret, swali linakuwa juu ya udongo wako. Umewahi kuwa na pasheni hapo ikanyauka? Jirani wa upande wa juu wa mteremko alikuwa nayo ikafa? Maji ya mvua na majembe hubeba udongo, na vimelea vinakuja navyo. Jibu likiwa ndiyo, nunua iliyobebeshwa, wala usiwe na shaka juu ya bei. Jibu likiwa hapana, na shamba ni jipya, zambarau ya mbegu iliyokuzwa vizuri inatosha, nayo ina ile faida ya kutobeba virusi vya mama. Watu wa nyanda za juu wengi hupewa ushauri wa kubebesha bila kuulizwa swali hili, na mimi naona si haki kwa mtu mwenye kipato kidogo na udongo safi.

Njano huko juu itakua, itafunika uzio, itakupa kivuli. Matunda yatakuwa machache kwa sababu ya baridi. Kenya, watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wametoa aina za njano tamu zinazoitwa KPF 4, KPF 11 na KPF 12, nazo zinastahili kuulizwa kitaluni na yeyote aliye kwenye nyanda za kati anayechoka na mnyauko lakini hapendi ukali wa njano ya kawaida.

Walio katikati, kama Bukoba, Kampala au maeneo ya Moshi, ndio wenye uchaguzi mgumu. Hapo njano na zambarau zote zinaweza kuzaa, na magonjwa ya joto na ya baridi yanakutana. Maoni yangu kwa maeneo hayo: changanya. Weka njano mbili au tatu za asili tofauti upande wenye jua kali, na zambarau moja iliyobebeshwa mahali penye hewa. Ikitokea mnyauko, zote zina mizizi inayohimili. Kukitokea mvua ndefu, utaona mwenyewe ipi inapigwa zaidi na baka kwenye uani wako, na msimu unaofuata utaongeza ile iliyosimama.

Na penye shimo ilipofia pasheni kwa mnyauko, kama hutaki kulipia mche wa kubebeshwa, panda kitu kingine kinachotambaa. Ule ukungu hauna habari na shushu, dodoki, tango wala zabibu. Ila kagua kwanza mizizi ya pasheni iliyokufa: ikiwa na vinundu, minyoo fundo itahamia kwenye tango na dodoki kwa furaha, na hapo chagua mmea mwingine au upumzishe kipande hicho. Mabaki ya mgonjwa yachomwe. Usiyatie kwenye mboji.

Kitaluni, kabla ya kulipa

Angalia rangi ya shina chini na juu ya kiungo. Njano mara nyingi huwa na wekundu au uzambarau kwenye shina, kwenye vikono vya kupandia na kwenye mishipa ya majani, wakati zambarau ya kweli huwa kijani. Kwenye mche uliobebeshwa kwa uaminifu, chini ya kiungo utaona ule wekundu na juu yake kijani. Kukiwa na kijani chini na kijani juu, muulize muuzaji mbegu za shina la chini zilitoka kwenye tunda gani. Wapo wanaobebesha zambarau juu ya zambarau. Kovu unaliona, kinga huna.

Kiungo kiwe kimejaa na kimepona pande zote, kisicheze ukikigusa, na utepe uwe umeshafunguliwa au uko karibu kufunguliwa ili usikabe shina. Kama kiungo kiko vidole viwili tu juu ya udongo wa mfuko, uache mche huo.

Kisha tazama majani mawili ya juu kabisa kwa kuyaelekeza kwenye mwanga. Yakiwa na kijani cha namna moja, vizuri. Yakiwa na mabaka ya kijani cha aina mbili na mikunjo, urudishe mche huo mahali pake. Geuza na majani ya chini utafute miduara ya baka la kahawia. Halafu muombe muuzaji akuoneshe mmea mama wa vikonyo. Mwenye kitalu makini anao, anaujua kwa miaka yake, na atafurahi kuulizwa. Tazama matunda yake kama ni ya duara na laini. Asiyeweza kukuonesha mama, hata jirani, hata kwa picha ya simu, mwachie mche wake wa kubebeshwa na umwombe wa mbegu.